Mama mkwe aliniuliza kuhusu birika

Kabla hujaendelea kusoma, hebu inuka uende jikoni ufunue birika lako utazame ndani. Ikiwa unaishi Kitengela kama mimi, au mahali popote ambapo maji ya mfereji hutoka kisimani, yaelekea utaona magamba meupe yaliyoganda chini. Hiyo ni chumvi na chokaa. Yaweke akilini magamba hayo, kwani yalinigharimu pesa ambazo sipendi kuzitaja mbele ya mume wangu.

Kisa chenyewe kilianza Januari 2022, jioni moja mtoto wetu Neema, aliyekuwa na miaka tisa, alipopiga ukemi bafuni. Nilipofika nilimpata amejikunyata ukutani, povu la sabuni likimtiririka machoni. Alikuwa amegusa mfereji naye mfereji ukamrusha. Tulikuwa na ile shawa ya stima inayochemsha maji papo hapo, ambayo nina hakika hata kwako ipo. Fundi wa stima alipokuja kesho yake alitikisa kichwa. Waya wa kupeleka stima ardhini haukuwa umeunganishwa tangu nyumba ilipojengwa, na maji ya chumvi hupitisha stima upesi kuliko maji matamu. Alituambia tumshukuru Mungu.

Tulimshukuru. Lakini mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Kinangop kutibiwa magoti, aliapa kwamba hataikanyaga bafu hiyo tena shawa ikiwa imewashwa. Akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha jiko la makaa, anachemsha maji kwa sufuria, kisha anayabeba kwa karai huku akiegemea ukuta. Siku moja nilimkuta amesimama katikati ya ukumbi, karai mkononi, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Maji yalikuwa yakitoa mvuke. Hakuniita. Nadhani angesimama pale mpaka yapoe kuliko kumwita mke wa mwanawe.

Asubuhi hiyo ndipo nilipokata shauri kwamba nyumba yetu lazima ipate mtambo wa kupasha maji moto bila shawa ile.

Nilizunguka madukani kama mtu anayetafuta kiwanja. Mwuzaji mmoja alinionyesha mtambo unaofanya kazi kama friji iliyogeuzwa. Friji hutoa joto ndani ya chakula na kulitupa nje kwa nyuma. Mtambo huu huvuta joto kutoka kwa hewa na kulitia ndani ya tangi la maji, na kwa uniti moja ya stima hukupa joto la uniti tatu hivi. Huhitaji jua. Nilipendezwa, mpaka nikasikia bei. Mahoteli ndiyo yanayoumudu, nikajiambia, nikaelekea kwa wauza sola.

Hesabu ya sola ilinivutia. Shawa ya stima hula kilowati tano hivi, yaani ukioga dakika 12 umemaliza uniti nzima. Sisi tulikuwa watano, na kila mwisho wa mwezi tokeni zilikuwa zikiisha kama sukari. Isitoshe, majumba mengi mapya Nairobi yana matangi juu ya paa, tangu kanuni za serikali za mwaka wa 2012 zilipowataka wenye majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku kuweka sola katika muda wa miaka mitano. Nikajiuliza, hao wote wamekosea?

Fundi niliyempata alikuwa kijana mcheshi. Kwa shilingi 85,000 angeniletea tangi la lita 200 na mirija 20 ya kioo. Mirija yenyewe imeundwa kama chupa ya chai: vioo viwili, katikati hakuna hewa, hivyo joto likiingia halitoki. Maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi, na yale baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala stima. Nilikuwa nimepokea pesa za chama wiki hiyo. Baba Neema alisema tungoje tuulize majirani. Nikamwambia mamake anaumia.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharagwe. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama Neema, kama birika linaota magamba kwa mwezi mmoja, hicho chombo nani atakisugua?"

Fundi alicheka. "Shosho, hakuna shida," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Kazi ilifanywa Jumamosi moja ya Februari, na unajua jua la Februari huku tambarare. Kufikia saa nne mirija ilikuwa imeshachomekwa, inang'aa. Tatizo ni kwamba tangi letu la maji baridi lilikuwa kavu. Tulikuwa tunangoja lori la maji. Lori lilifika saa saba. Fundi akafungua maji. Lo! Nilisikia mlio kama wa bisi kwenye sufuria, kisha vioo vikaanza kuporomoka juu ya mabati. Mirija 11 kati ya 20 ilipasuka. Vioo vilivyokaa juani saa tatu vikiwa vitupu vilikuwa vimepata moto mkali mno, na maji baridi yakaviingia ghafla. Kumbe mtambo wa namna hiyo hujazwa alfajiri au jioni, au mirija ifunikwe kwa blanketi hadi maji yaingie. Kijana alisema anakwenda kuleta mingine. Simu yake haijashika tangu siku hiyo.

Nilinunua mirija mingine kwa pesa zangu na kumlipa mtu mwingine kuichomeka. Kwa miezi kadhaa tulioga kama wafalme. Julai ikaja na mawingu yake na maji yakawa vuguvugu tu, hilo nililitarajia. Ambalo sikutarajia ni kwamba Oktoba jua lilirudi lakini joto halikurudi. Mtu aliyepanda kutazama alichomoa mrija mmoja akaugeuza, ukamwaga unga mweupe kama wa muhogo. Mirija ilikuwa imeziba kwa chumvi, na tangi lenyewe lilikuwa limeanza kuvuja kwenye kiungo.

Sikumwambia mama mkwe. Lakini aliuona ule unga kwenye ndoo. Hakusema neno, akaenda akawasha jiko.

Hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo: nikaenda kubisha milango ya majirani. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alinipandisha kwenye paa lake. Mtambo wake ulikuwa na miaka sita. Kwake maji ya kuoga hayapiti kwenye sola kamwe. Kuna maji mengine yaliyotiwa dawa, yamefungiwa humo, yanazunguka kati ya paneli na koti la chuma lililovaa tangi, yakilipasha kutoka nje. Chumvi haina njia ya kuziba paneli. Ndani ya tangi kuna kijiti cha magnesi kinacholiwa na maji badala ya tangi lenyewe kuliwa, naye hukibadilisha kila mwaka. Jirani mwingine alikuwa na mtambo kama wangu, lakini ameuunganisha na tangi la maji ya mvua peke yake. Mvua ikikatika, naye hukatika.

Fundi wa mwalimu ni mzee asiye na maneno mengi. Kabla hajataja bei alionja maji yetu, akaingia darini kupima mbao, kwa kuwa lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu chuma, kisha akauliza nani huoga saa ngapi. Akataka mbao mbili ziongezwe. Tulichukua mkopo wa Sacco ambao tunaulipa hadi leo, na mtambo ukawekwa Machi 2023. Una kipashio cha stima pia, kwa siku za mawingu. Julai tunakiwasha saa moja jioni, na waya wake wa ardhini niliukagua kwa macho yangu.

Kasoro moja imebaki. Bomba kutoka paani ni refu, kwa hivyo karibu nusu ndoo ya maji baridi hutangulia. Mama mkwe, ambaye alikuja kwa wiki tatu na sasa ni mwaka wa kadhaa, huyakinga kwenye lile karai lake na kuyaweka kando ya mlango. Neema huyapeleka kwenye sukuma wiki. Kisha mzee hufunga mlango. Husikii kitu ila maji kwa muda mrefu, na hakuna anayebisha kumwambia tokeni zinaisha.