Bei ikishuka, soma tarehe kwanza

Katika kazi yangu ya kuandika habari za afya huku Shinyanga na Geita, nimesikia wazazi wakibishana kuhusu vyakula vilivyoshushwa bei madukani. Mama ambaye mumewe yuko maduarani huona ni nafuu: dhahabu itoke isitoke, watoto lazima wale. Mwingine hagusi kabisa, anasema rahisi ni ghali.

Mimi nasema, uliza kwanza kwa nini bei imeshuka. Boksi lililochanika halina neno ikiwa mfuko wa ndani ni mzima. Lakini kopo lililovimba au linalovuja usilinunue, wala usionje kilichomo.

Kisha soma tarehe. Herufi BB zina maana kwamba baada ya siku hiyo ladha na ubora huweza kupungua. Tambi kavu hazigeuki sumu kesho yake. EXP ni mwisho wa matumizi. Kwa maziwa ya unga ya mtoto mchanga sina mjadala: tarehe ikipita, hata ukipewa bure, usichukue.

Vya kupima vinahitaji macho zaidi. Maziwa yakishamiminwa kwenye kifuko, tarehe imebaki kwenye kopo. Mwambie muuzaji akuonyeshe kopo hilo.

Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukiuziwa kilichopita muda, tunza pakiti na risiti, toa taarifa. Mfuko wa mzazi ukiwa mwepesi, mtoto bado anastahili chakula salama.