Nyoka wa Msalato

Msishtuke kwa kichwa cha habari hii. Nyoka ninayewasimulia hana sumu, hatambai majanini, wala hajapata kumuuma mtu ila nafsi yake. Anakaa ndani ya simu, na wengi wenu mmepata kumlisha.

Dodoma ni jiji tangu tarehe 26 Aprili 2018, na tangu Julai 2024 treni ya umeme huchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka huko. Humo ndani kila mtu ameinamia simu janja yake, na mibuyu na miamba ya Ugogo hupita dirishani bila kutazamwa. Hayo tuyaache. Nataka twende pamoja mnadani Msalato, kaskazini ya mji, katika barabara ya Kondoa. Nenda Jumamosi. Utakuta mbuzi, mitumba, na moshi wa nyama choma. Nyama ni nzuri, ila chagua kipande mwenyewe kabla hakijawekwa motoni. Ukisha kushiba, ulizia mafundi simu.

Kwenye meza ya fundi mmoja, chini ya turubai, nilikuta watu sita ambao hawakuwa na simu mbovu hata moja. Walikuja kucheza Nyoka. Nilisema “Mbukwenyi,” wakaitikia, wakanipa ndoo ya kukalia. Kila mmoja hucheza mpaka nyoka wake afe, kisha humpa mwenziwe simu. Hawawekeani fedha, fundi amekwisha sema kwamba atakayetaja kubeti ataondoka mezani pake.

Asili ya mchezo huu ni ya mbali. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilitoa mchezo wa mashine ulioitwa Blockade, ambamo wachezaji walivuta mistari na kuviziana wasigonge. Mwaka 1997 mhandisi wa Nokia huko Ufini, Taneli Armanto, akamtia nyoka katika simu ya Nokia 6110, ambayo kioo chake kilikuwa na nukta 84 kwa 48 tu. Simu ya 3310, ya mwaka 2000, ilikuwa na nyoka wa pili, awezaye kupenya ukingo wa kioo na kutokea upande mwingine. Kisha mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, kitochi chenyewe, yenye vitufe vilivyofunikwa visiingie vumbi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa faida ya kuzuia vumbi mwezi wa Septemba.

Namba 2 humpeleka juu, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Kila anapokula hurefuka, na adui yake mkubwa ni mkia wake. Kijana wa bodaboda alichagua mwendo wa 9, ulio wa kasi kupita yote, akafa mara moja, tukacheka. Mwalimu mstaafu alikwenda polepole kama alimaye matuta, akienda na kurudi, huku akijiachia njia moja ya kutokea. Wa kumtazama ni huyo.

Fundi alikuwa na simu nyingine za kuchezea, zile bandia zilizofungiwa na Mamlaka ya Mawasiliano usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Hazipigi wala hazipokei. Lakini mchezo uliomo haukufungiwa, basi watoto wanaofuatana na wazazi mnadani hupewa hizo.

Saa nane hivi akaja mama mmoja, akafungua pindo la khanga, akatoa kitochi chenye betri iliyovimba kama andazi. Simu ilikuwa ikizimika kila mara.

“Shikamoo mama,” fundi akasema. “Dawa ya hakika ni kuiflashi. Lakini nikiiflashi, kila kilichomo kitafutika.”

“Majina nimeyaandika katika daftari,” mama akajibu. “Je, na ile rekodi ya Nyoka?”

“Nayo itafutika, mama.”

“Basi usiiflashi. Ni ya mwanangu. Alicheza hapo mpaka wiki aliyofariki.”

Hapana aliyesema neno. Fundi akaitupa kando ile betri mbovu, akatia mpya ya BL-5C, akasubiri. Simu ikawaka. Akafungua mchezo, akamwonyesha mama rekodi: alama elfu moja na kitu. Mwalimu akaiangalia, akatikisa kichwa, akasema huyo kijana alikuwa fundi kweli.

Nilidhani mama ataifunga tena katika khanga. Kumbe akamnyoshea mwalimu. “Cheza, baba. Nataka kuona alivyokuwa akifanya. Lakini ukikaribia, mwache nyoka afe.”

Mwalimu akavaa miwani. Akacheza muda mrefu, matuta yake yakienda na kurudi, mpaka kioo karibu kijae. Sisi tulikuwa tunahesabu kwa sauti ndogo. Zilipobaki alama chache, akabonyeza 4 bila haraka, nyoka akajipinda akajiuma. Rekodi ikabaki ile ile.

Mama akalipia betri, akauliza kama anaweza kurudi Jumamosi nyingine. Fundi akamwambia kwamba hata ndoo ya kukalia ipo.