Kikombe cha Udongo

Msomaji, ukiuliza habari za wacheza kriketi mashuhuri wa Bara Hindi, utajibiwa kwa hesabu. Utaambiwa kuwa Sunil Gavaskar alikuwa mtu wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000 katika michezo ya Testi, mwaka wa 1987. Kuwa Kapil Dev aliwaongoza wenzake kutwaa Kombe la Dunia mwaka wa 1983. Na kuwa Sachin Tendulkar, alipostaafu mwaka wa 2013, alikuwa amekwisha kufikisha mikimbio mia katika zamu moja mara 100 katika michezo ya kimataifa. Hesabu hizo ni za kweli, nami sina nia ya kumpunguzia mtu hata mkimbio mmoja. Lakini hesabu haisemi mtu alinywea wapi chai yake, na jambo nililo nalo moyoni leo ni la chai.

Kwanza nikueleze nilivyoingia katika habari hizi, maana kwetu mpira ni wa miguu, na mtu akitaja kriketi huonekana kama aliyekosa la kusema. Jioni ya tarehe 20 Machi 2003, nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi, watu walikusanyika mbele ya duka moja karibu na nyumbani kusikiliza redio. Kenya ilikuwa ikicheza na Bara Hindi katika nusu fainali ya Kombe la Dunia huko Durban. Wengi wetu hatukujua sheria za mchezo. Tulijua tu kwamba Kenya imefika mahali ambapo haikutarajiwa kufika, na kwamba mwalimu wa timu yetu, Sandeep Patil, mwenyewe ni Mhindi, mmoja wa wale waliotwaa kombe pamoja na Kapil Dev. Tulishindwa kwa mikimbio 91. Steve Tikolo alipiga 56, na watu wakaondoka dukani wakimsifu kana kwamba tumeshinda. Mimi niliondoka na udadisi, na udadisi huo ulinipeleka, miaka mingi baadaye, kwenye vitabu vya kale vya mchezo huu, na katika vitabu hivyo nikakutana na mtu aitwaye Palwankar Baloo.

Kwa faida yako usiyeujua mchezo, nitasema machache. Mpigaji husimama na gongo mbele ya vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini. Mrushaji humtupia mpira ili amshinde. Mpigaji akiupiga mpira mbali, hukimbia na mwenzake kubadilishana mahali, na kila wakibadilishana huhesabiwa mkimbio mmoja. Mrushaji akimtoa mpigaji, huandikiwa wiketi moja. Hayo yanatosha.

Baloo alizaliwa Dharwad mwaka wa 1876, katika tabaka la Chamar, watu wa kazi ya ngozi. Kwa desturi ya Wahindu wa zamani hizo, watu hawa walihesabiwa miongoni mwa wasioguswa. Usidhani neno hilo ni la mfano. Aliyekuwa wa tabaka la juu aliona kuwa kumgusa mtu kama Baloo, au kula chakula kilichoguswa naye, ni kujitia najisi. Baba yake alipata kazi jeshini huko Poona, mji ambao leo huitwa Pune, na kijana akaajiriwa katika klabu moja ya Waparsi kufagia na kushindilia uwanja kwa rupia tatu kwa mwezi. Mnamo mwaka wa 1892 akahamia klabu ya Wazungu, ambako mshahara wake ulikuwa rupia nne. Alitandika nyavu, alipiga mistari, alishindilia ardhi, na Waingereza walipotaka kufanya mazoezi, aliwarushia mpira.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mfagiaji yule, kwa mkono wake wa kushoto, alikuwa akirusha mpira wa polepole, wenye kupinda na kudanganya, hata mabwana wakubwa wakashindwa kuusoma. Husimuliwa kuwa Kapteni Greig, aliyekuwa mpigaji hodari kuliko Wazungu wote wa huko, alimlipa nusu rupia kila mara alipomtoa. Miaka ikapita hivyo, Baloo akirusha na wenzake wakipiga. Jambo moja halikutokea. Hakuna hata siku moja aliyopewa gongo apige yeye. Kupiga kulikuwa kwa mabwana, na kurusha kulikuwa kwa watumishi.

Habari zake zilipowafikia Wahindu wa Poona, waliokuwa na timu yao na hamu kubwa ya kuwashinda Wazungu, waliingia katika shida. Walimtaka mkono, hawakumtaka mtu. Mwishowe walimchukua, na wakapatana kwa namna ambayo ningependa uitafakari kidogo. Uwanjani, walicheza naye. Mpira ulitoka mkononi mwake ukaingia mikononi mwao, nao hawakuona najisi yoyote. Lakini wakati wa chai ulipofika, wenzake waliingia ndani wakanywa katika vikombe vya kaure, na Baloo aliletewa chai yake nje, katika kikombe cha udongo ambacho baada ya kunywewa hutupwa. Chakula chake alikila peke yake.

Sisi wasemao Kiswahili tuna methali kongwe isiyo na adabu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nimeisikia tangu utotoni, na nakiri kuwa nimeitumia darasani pasipo kufikiri. Tazama ajabu yake hapa. Huko Poona methali hiyo ilitendwa na Wahindu wenyewe kwa Mhindu mwenzao, tena kwa mwana wa watu wa ngozi, ambao mafundi wa viatu hutoka kwao.

Tauni ilipoingia Poona mwaka wa 1896, Baloo alihamia Bombay, akapata kazi katika reli na nafasi katika timu ya Wahindu wa mji ule. Mwezi wa Februari mwaka wa 1906 timu hiyo iliwashinda Wazungu kwa mikimbio 109, na Baloo aliangusha wiketi nane katika mchezo ule. Kushindwa kwa watawala mbele ya umati wa watawaliwa hakukuwa jambo dogo. Mwaka wa 1911 timu ya kwanza iliyokusanya Wahindu, Waislamu na Waparsi pamoja ilikwenda Uingereza. Nahodha wake alikuwa Maharaja wa Patiala, kijana tajiri aliyependa mialiko ya wakubwa wa London kuliko uwanja, akaiacha timu mapema. Timu ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Baloo, aliyekuwa na umri wa miaka 35 na bega lililomuuma, aliangusha wiketi zaidi ya 100 katika ziara ile, 75 kati yake zikiwa katika michezo ya daraja la kwanza.

Mtu kama huyo, msomaji, ungemfanya nini? Bila shaka ungemfanya nahodha wa timu yake. Mwaka baada ya mwaka jina lake lilitajwa, na mwaka baada ya mwaka akachaguliwa mtu mwingine wa tabaka la juu. Mmoja wa waliochaguliwa, M. D. Pai, alikuwa muungwana. Alisema hadharani kuwa heshima ile ilimstahili Baloo. Lakini kusema ni kusema, na unahodha ulibaki pale pale.

Sasa nataka niiache Bombay kwa muda, kwa sababu kuna neno langu mwenyewe ambalo sina budi kulisema, la sivyo nitakuwa nimewahukumu watu wa Poona nikiwa nimekaa kivulini.

Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangwa katika shule moja ya sekondari ya bweni, na pamoja na somo langu nikapewa kusimamia mpira wa miguu. Katika timu yangu alikuwako mvulana aliyewapita wote kwa maarifa. Alijua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, na wenzake, wakati wa hatari, walimtazama yeye kabla ya kunitazama mimi. Baba yake alikuwa mpishi jikoni mwa shule ile ile. Kwa kuwa karo ilimshinda baba, mtoto aliruhusiwa kufanya kazi, na kazi yake ilikuwa kufyeka uwanja na kupiga mistari ya chokaa asubuhi ya kila mchezo. Ulipofika wakati wa kuchagua nahodha, nilimchagua mwingine. Nilijiambia kuwa nahodha hupokea wageni, husema Kiingereza mbele ya wazazi, na hukaa meza moja na walimu wa shule nyingine wakati wa chakula. Huyo wa mpishi, nilijiambia, ataona haya. Nilimwita nikamweleza kwa maneno matamu. Akaniambia, "Sawa, mwalimu," akaenda kuchukua ndoo yake ya chokaa.

Siku hizo sikuwa nimelisikia jina la Baloo. Nilipofika baadaye kwenye ukurasa wa kikombe cha udongo, nilikifunga kitabu, na kwa siku kadhaa sikukifungua.

Tangu hapo nimesoma pia habari za wengine wawili ambao walimu hupenda sana kuwasimulia, nami nawasimulia kwa furaha, ila si kwa namna ile ya kwanza. Mmoja ni Mansur Ali Khan, Nawab wa Pataudi. Mwezi wa Julai mwaka wa 1961, akiwa na miaka 20, alipata ajali ya gari huko Hove, Uingereza, na jicho lake la kulia likapoteza nuru. Mpigaji huhitaji macho mawili kuupima mpira unaomjia kwa kasi. Yeye, mwanzoni, aliona mipira miwili palipo na mmoja. Akajifunza upya kupiga, kofia yake ameishusha juu ya jicho lile bovu. Haikupita miezi sita akaingia katika timu ya taifa, na mwezi wa Januari mwaka wa 1962 akapiga 103 dhidi ya Uingereza mjini Madras. Machi ya mwaka huo huo, nahodha Nari Contractor alipopigwa na mpira kichwani huko Barbados akanusurika kufa, Pataudi alikabidhiwa unahodha kabla hajatimiza miaka 22. Katika michezo 46 ya Testi aliyocheza, 40 aliicheza akiwa nahodha, na ni yeye aliyewaongoza Wahindi kushinda mfululizo wao wa kwanza nje ya nchi yao, huko New Zealand mwaka wa 1968.

Wa pili ni Bhagwat Chandrasekhar wa Mysore. Alipooza mkono wa kulia utotoni kwa ugonjwa wa polio, mkono ukabaki mwembamba. Akiokota mpira uwanjani aliurudisha kwa mkono wa kushoto. Lakini kwa kurusha alitumia ule ule uliodhoofika, nao ulikuwa na wepesi ambao wapigaji hawakuuzoea. Mwezi wa Agosti mwaka wa 1971, katika uwanja wa Oval mjini London, aliangusha wiketi sita na Uingereza yote ikatolewa kwa mikimbio 101. Bara Hindi ikapata ushindi wake wa kwanza wa Testi katika nchi ya Waingereza, miaka 39 baada ya kucheza huko mara ya kwanza. Jumla aliangusha wiketi 242. Mikimbio aliyoipiga maishani mwake katika Testi ni 167 tu. Kwa gongo alikuwa maskini wa kuhurumiwa, na watu wa kwao walimpenda hata kwa hilo.

Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi habari za jicho na mkono, nao hufurahi, nami hufurahi, kwa sababu katika habari hizo hakuna mwenye kulaumiwa. Gari liligongana, ugonjwa ulikuja, mtu akashinda. Pataudi alikuwa mwana wa mtawala, na baba yake alipata kuwa nahodha wa Bara Hindi kabla yake. Hakuna aliyemuuliza atakaa meza gani. Chandrasekhar alipoonyesha kuwa mkono wake waweza, alipewa mpira. Baloo hakuwa na kasoro yoyote mwilini. Kilichomzuia kilikuwa kimeketi ndani, kinakunywa chai, na kilikuwa na adabu nzuri.

Mwaka wa 1920 Baloo aliachwa nje ya timu, na unahodha ukapitishwa tena mbali na nyumba yao. Ndugu zake Vithal na Shivram, nao wachezaji hodari, walikataa kucheza, wakaandika barua hadharani kueleza sababu. Mji ukagawanyika. Wakuu wa timu wakarudi nyuma nusu hatua: Baloo akaitwa tena na kufanywa makamu, na Pai, yule muungwana, akatoka uwanjani kwa muda ili mzee huyo apate kuongoza. Hilo ndilo alilolipata. Mwaka wa 1923 Vithal, mdogo wake, alifanywa nahodha kamili wa Wahindu, wakashinda, na watu wa tabaka la juu wakambeba mabegani. Baloo alifariki tarehe 4 Julai 1955. Katika michezo 33 ya daraja la kwanza aliangusha wiketi 179.

Mvulana wangu wa chokaa alimaliza shule akiwa makamu wa nahodha; hilo nililifanya katika mwaka wake wa mwisho, nami wakati ule nililiona kuwa ni hisani. Baba yake bado ni mpishi pale pale. Mwaka jana nilipita shuleni hapo kwa shughuli nyingine, mzee akanitambua, akaniingiza jikoni, akanitilia chai katika kikombe cha kaure chenye kisahani, kilichowekwa kando kwa ajili ya wageni. Yeye alinywea cha bati. Nilitaka kumwambia jambo, nikatafuta pa kuanzia, na chai ikapoa.