Jumla Sahihi, Mistari Mibovu

Likizo iliyopita nikiwa nyumbani Singida, niliombwa kutazama kompyuta za shule moja ya sekondari ya kata. Picha za programu ya masomo, ambayo niliiandika mwenyewe, zilionekana zimeinama upande, mithili ya ukuta wa udongo uliolowa mvua. Kamati ya shule ilikuwa imekwisha kuafikiana kwamba skrini zimekufa. Michango ya wazazi, watu wanaouza alizeti na kuku ili mtoto asome, ilikuwa tayari kununulia nyingine.

Skrini zilikuwa nzima. Upana wake ni pikseli 1366, na kila pikseli huchukua baiti 4. Hivyo mstari mmoja wa picha ni baiti 5464. Lakini kiendeshi cha video cha mashine zile hutaka kila mstari uanzie kwenye kigawe cha 64 katika kumbukumbu, kwa hiyo huutengea baiti 5504. Programu yangu ilizipuuza zile baiti 40 za pengo na kuibananisha mistari. Matokeo yake, kila mstari ulisogea pikseli 10 zaidi ya ule uliotangulia.

Je, mfumo endeshi haukuhakiki? Ulihakiki. Kiini cha Linux hukataa ombi ambalo urefu wa mstari wake haufikii upana wa picha, au ambalo jumla yake inavuka mipaka ya bafa. Vipimo nilivyoandikisha vilikuwa halali, na sikuvuka mpaka wowote. Kupanga kila mstari mahali pake ilikuwa kazi yangu, nami sikuifanya.

Tangu siku hiyo nazisoma taarifa za fedha za umma kwa jicho jingine. Jumla iliyo chini ya ukurasa yaweza kulingana na bajeti hadi senti ya mwisho, ilhali fedha ya dawa imeketi kwenye mstari wa posho. Mkubwa huletewa jumla. Mgonjwa huishi katika mstari.

Nilisahihisha tarakimu moja, picha zikasimama wima. Mbele ya kamati nikakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Mzee mmoja akauliza: “Sasa mwalimu, kama tungenunua skrini mpya za kipimo kilekile, picha zingenyooka?”

“Hapana, mzee wangu,” nikamjibu. “Zingeinama vilevile.”