Jiwe Halikudai Senti

Mashine ya baba tuliiuza kwa kilo. Lori la vyuma chakavu lilirudi nyuma hadi mlangoni mwa kibanda cha mabati kando ya soko la Ruiri, vijana wanne wakashuka na mitaimbo. Walianza na yale magurudumu mawili mazito, wakayafungua na kuyapima peke yake. Kisha wakailaza injini juu ya mabomba na kuibingirisha taratibu hadi nje, kama watu wanaomtoa ng'ombe mgonjwa zizini. Mwenye lori hakuuliza ilikuwa imesaga unga wa harusi ngapi na matanga mangapi. Aliuliza kama bado ina oili, maana oili huongeza uzito na yeye hakutaka kulipia oili.

Baba tulikuwa tumemzika miezi minane kabla. Sisi watoto wake hatukubishana. Dizeli ilikuwa ghali, umeme ulikuwa umefika sokoni, na hatua chache kutoka pale kulikuwa na mashine mbili za mota zinazowashwa kwa kubonyeza kitufe. Nikatia sahihi, nikahesabiwa noti, lori likashika barabara ya Meru. Nilipogeuka, kibandani kulibaki bomba la moshi lililotoboa paa na doa jeusi la mafuta sakafuni, pana kama kitanda cha mtoto.

Kwa karibu miaka thelathini, injini ile ndiyo iliyokuwa saa ya Ruiri. Baba alikuwa akiinua kishikizo cha kufungulia pumzi, anazungusha hendeli kwa mikono miwili, na magurudumu yakishapata kasi anaachilia. Injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikashika mwendo. Ilikuwa Lister ya silinda moja, ya zile za mwendo wa pole: mizunguko 650 kwa dakika, na katika kila mizunguko miwili mlipuko mmoja. Juu ya bomba la moshi baba alifunga mkebe uliotobolewa, basi kila mlipuko ukatoka na mluzi. Upepo wa kutoka tambarare za Isiolo ulipotulia, mluzi ule ulisikika kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na wanawake walijua leo mwenye mashine yupo. Walifika na debe kichwani, au na gorogoro mbili tu za mahindi kwenye mfuko, wakapanga foleni ukutani, wakaongea.

Baba hakuyasikia maongezi yao. Injini ilimla masikio polepole, na kufikia utu uzima wangu alikuwa akisema kila kitu kwa sauti ya kupigia kelele mashine, hata sala kabla ya chakula. Mikono ndiyo iliyosikia badala ya masikio. Alipokea unga kiganjani ukishuka, akausugua kwa kidole gumba, akajua chujio limetoboka au mkanda umelegea. Siku ya mazishi, kasisi alipotuomba tunyamaze dakika moja kwa heshima yake, niliona jambo lile geni. Sikumbuki dakika ya kimya iliyowahi kuwa ya baba.

Jioni ya siku ya lori nilimwendea nyanya, mama yake baba. Umri wake unakaribia miaka mia na macho yamefifia, lakini ulimi haujafifia. Nilidhani tutalia pamoja. Nikamwambia mashine imeondoka, tena imeondoka kama takataka, na kwamba vitu vya zamani vinapotea bila hata mtu wa kuviaga. Aliniacha nimalize. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ua wa kuku, mahali lilipo jiwe lake la kusagia.

"Na lile," akasema, "uliliaga?"

Ni jiwe la kijivu, refu kama mkono wa mtu mzima, limeinamia upande mmoja. Katikati lina bonde. Alilikuta kwa mama mkwe wake alipoolewa, na kwa jiwe hilo alisaga uwele, wimbi na mtama, baadaye mahindi. Kuku wakiwa bado wamelala, yeye alikuwa amepiga magoti nyuma yake, jiwe dogo mikononi, uzito wote wa mwili ukienda mbele na kurudi. Uji wa watu wanane ulitaka kazi ya alfajiri nzima. Ulitaka pia nyimbo, na nyimbo zile, alivyonisimulia, hazikuwa za furaha. Jiwe likilia, mwanamke aliweza kumwimba mama mkwe, au mume asiyejua kurudi nyumbani, na hakuna aliyemshika kwa neno, maana alikuwa anasaga.

"Mnalilia jiwe kwa sababu hamkulipigia magoti," akaniambia. "Mashine ilipokuja tulilala. Mjukuu wangu, wewe hujui kulala ni nini."

Nikanyamaza. Mashine niliyokuwa nikiililia ndiyo iliyokuwa imelinyamazisha jiwe. Mimi nilikuja kwake na msiba, na yeye aliyenyang'anywa alikuwa na shukrani.

Lakini nyanya si mtu wa kuishia kwenye shukrani. Baada ya muda akaongeza jambo, kwa sauti ya chini, kama anayekumbuka deni: "Ila jiwe halikudai senti."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile, na kila nikiyafungua nakuta historia nzima ya kwetu ndani yake. Jiwe lilidai magoti na mabega, navyo vilikuwa vyake. Mashine ilidai sarafu, na sarafu haikuota shambani mwa mwanamke. Ilikaa mfukoni mwa mwanamume, naye aliipata mbali. Waingereza walipoweka kituo chao Meru kati ya 1907 na 1908, walikuja pia na kodi ya nyumba, na kodi ilitaka fedha. Kutafuta fedha ndiko kulikowapandisha wanaume kwenye mashamba ya walowezi huko Timau na Nanyuki, na reli ilifika Nanyuki mwaka 1930. Kwa hiyo mwanamke aliyekuwa anaweza kuwalisha watoto kwa nguvu zake na nafaka yake, sasa alikuwa na nafaka na nguvu, akakosa unga mpaka aombe senti. Alipewa usingizi, na bei yake ikawa kuomba.

Hata jina la mashine lilitokana na safari za namna hiyo. Poshomili, tunaiita, na hatusimami kuuliza posho ni nini. Posho ulikuwa mgao wa chakula aliopewa mpagazi wa msafara. Ni neno la watu waliobeba mizigo ya wengine. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wa Meru walikuwa miongoni mwa wale waliochukuliwa kubebea jeshi la Waingereza mizigo dhidi ya Wajerumani, katika kile kikosi kilichoacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi ya tumbo, na miongoni mwa vilivyolaumiwa ni unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu. Vita vilipokwisha, mahindi yaliendelea kuenea, uwele ukarudi nyuma, na chakula tulichojilimia wenyewe kikaenda kusagwa kwenye mashine yenye jina la mgao.

Nikiwa mtoto nilijifunza kusoma Kiingereza kwenye injini ya baba. Ilikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa Lister, na chini yake Dursley, England. Nilidhani Dursley ni jina la mke wa Lister. Baadaye nilijua ni mji mdogo katika jimbo la Gloucestershire, ambako Robert Ashton Lister alianzisha kiwanda chake mwaka 1867. Nilijua pia kwamba kabla ya injini, Dursley na vijiji vya jirani viliishi kwa kufuma nguo za sufu kwa mamia ya miaka. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 biashara ile ilianguka, kazi ikahamia kwenye viwanda vikubwa vya kaskazini, na familia za wafumaji zikatawanyika. Injini iliyolinyamazisha jiwe la nyanya ilitoka katika mji uliokwisha kuzika vitanda vyake vya kufumia.

Huko Uingereza, kati ya 1811 na 1816, wafumaji walivamia viwanda usiku na kuvunja mashine kwa nyundo. Bunge liliogopa kiasi kwamba mwaka 1812 likapitisha sheria ya kumnyonga anayevunja mashine ya kufumia. Sijasikia mtu wa Ruiri aliyevunja poshomili. Zamani nilidhani ni upole wetu. Sasa nadhani ni hesabu. Wafumaji wale walikuwa wakilipwa, na malipo yalipopungua kila mtu aliona kilichopotea. Kazi ya jiwe haikuwa na mshahara, kwa hiyo haikuitwa kazi, na ilipoondoka hakuna aliyeuliza nani ameachwa bila nini. Nyanya alijua. Alisubiri miaka mingi aulizwe.

Kuna waliopoteza zaidi yake na hawakupata hata usingizi. Katika jamii zinazouzunguka Mlima Kenya, mhunzi, au muturi kwa Kimeru, alikuwa mtu wa kuogopwa. Chuma kilianza kama mchanga mweusi uliooshwa mtoni. Kiliyeyushwa kwa makaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kikafuliwa kuwa mkuki, kisu, simi au mkufu. Laana ya mhunzi ilitosha kulinda mzinga wa nyuki bila mlinzi. Kisha madukani zikaja panga na majembe kutoka Uingereza, na vita vya mikuki vikapigwa marufuku. Kuyeyusha ndiko kulikokufa kwanza. Wahunzi wakaanza kufua vyuma vya watu wengine vilivyovunjika. Mpaka leo mafundi wa jua kali wanatoa panga nzuri kwenye springi za lori. Lakini hakuna mtu ninayemjua anayeweza kushuka mtoni na kurudi na chuma. Ujuzi ule ulizimika bila siku ya mazishi, kwa sababu panga ya dukani ilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa nafuu, na nani atamlilia fundi huku ameshika panga nzuri?

Nadhani hapo ndipo ugumu wa huzuni ya namna hii ulipo. Aliyekufa kwa ugonjwa tunaulaani ugonjwa. Lakini jiwe, tanuru na injini ya baba havikuuawa na adui. Viliuawa na unafuu, na unafuu ule tuliutaka, tukaulipia, tukaupangia foleni. Mimi mwenyewe sijasaga mahindi kwa miaka. Nanunua pakiti ya kilo mbili dukani, nyeupe, isiyo na harufu ya dizeli. Nitamshtaki nani?

Nilirudi sokoni wiki iliyofuata. Mashine za mota zilikuwa zikifanya kazi, zinavuma kama nyuki, kwa mvumo usiofika hata ng'ambo ya barabara. Mama mmoja aliweka ndoo, akalipa kwa simu, akaondoka kabla hajamaliza sentensi. Anasaga kwa stima, kama tunavyoita umeme hapa kwetu, na neno lenyewe ni la meli ya moshi, la mvuke ule ule uliozungusha viwanda vya Uingereza. Tumelirithi bila kuiona meli. Yule mama hakuonekana kukosa kitu. Labda mjukuu wake ndiye atakayeukumbuka mvumo huo siku moja na kuulilia, na yeye atamshangaa kama nyanya alivyonishangaa mimi.

Injini ya baba sasa imekwisha yeyushwa, nadhani, imekuwa nondo ndani ya ukuta wa mtu. Chuma kimerudi tanuruni, ila si tanuru letu. Jiwe la nyanya halikupanda lori. Mwenye lori angelitazama akapita, kwa kuwa jiwe halina bei kwenye mizani yake. Nyanya amewawekea kuku maji kwenye lile bonde la katikati.

Jioni ile ya lori nililipima kwa mkono kabla sijaondoka kwake. Bonde linameza kiganja changu chote mpaka kifundo. Nikamuuliza nyanya kama lilikuwa hivyo alipolikuta. Akasema hapana, lilikuwa na kina cha ukucha. Kilichobaki alikitoa yeye, alfajiri kwa alfajiri, na kilikwenda pamoja na unga, kwenye uji.

"Basi baba alilila," nikasema.

"Wote mlilila," akasema. "Hata wewe, kidogo, sikukuu, nilipowasagia wimbi."

Kuku mmoja alikuja akanywa. Nikauondoa mkono wangu ili apate nafasi.