Saa ya Gari Yatupeleka Grogan

Msomaji mpenzi, ikiwa hujawahi kufika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi hadi leo huiita Grogan kwa jina lake la kikoloni, huenda siku moja gari lako kuukuu likakupeleka. Ukiingia kutoka mzunguko wa Globe, Mto Nairobi ukiwa upande wako wa kushoto, utalakiwa na mlio wa nyundo, harufu ya oili na vijana wakikuuliza, "Mkubwa, unatafuta nini?"

Mimi nilikuwa na saa iliyokufa. Saa ya dashibodi ya gari letu la 1994 ilianza kwa kufifia asubuhi za baridi. Gari likipata joto, au ukiipiga kofi kidogo, iliwaka tena. Mwishowe ikazima kabisa. Mama alinionya: "Usije ukaniletea nyingine. Marehemu babako aliitazama hiyo kila asubuhi akiwapeleka shule."

Duka la kwanza lilitaka kuniuzia saa iliyong'olewa kwenye gari jingine. Nikakataa, nikaelekezwa kwa mzee mmoja fundi wa redio.

"Taa ya ndani inawaka?" aliniuliza. Nikamjibu inawaka. Katika magari mengi saa na taa hiyo hutumia fyuzi moja, kwa hivyo kasoro haikuwa hapo. Akafungua waya wa hasi wa betri, akabandua fremu ya dashibodi polepole isivunjike, akaitoa saa. Chini ya kioo cha kukuzia alinionyesha nyufa nyembamba kama unywele, zimezunguka miguu ya vifaa vidogo nyuma ya saa. Joto na baridi vya miaka mingi vilikuwa vimepasua risasi ya kulehemu, umeme ukawa haupiti. Akaipasha moto, akaongeza tone dogo la risasi, akarudisha kila kitu mahali pake.

Saa ikawaka! Tukairekebisha isome 9:10, yaani saa tatu na dakika kumi kwetu sisi Waswahili. Nilipomfikishia mama gari, aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Nawe ukienda Grogan, msomaji, usikimbilie kununua kipya. Simama kando ya gari lako hadi kazi iishe, na uombe kuonyeshwa kilichoharibika. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.