Vinara vya Dhahabu vya Versailles

Jina la Versailles si geni masikioni mwa watu wa Afrika ya Mashariki. Katika jumba la mji huo, tarehe 28 Juni, 1919, ulitiwa sahihi mkataba uliowaondolea Wajerumani makoloni yao, pamoja na nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Walakini leo sitasimulia habari za mkataba. Nataka kuwaeleza wasomaji habari za vinara vya mishumaa vilivyomo katika ukumbi ule ule, kwa maana vilinifundisha jambo nisilolitazamia.

Msafiri atokaye Paris hupanda treni, na baada ya mwendo wa kilomita 20 hivi amekwisha fika. Jumba ni la Mfalme Louis wa 14, na chumba kipitacho vyote kwa sifa ni Ukumbi wa Vioo, uliojengwa kati ya mwaka 1678 na 1684. Urefu wake ni mita 73. Upande mmoja mna madirisha 17 yaelekeayo bustani. Upande wa pili mna matao 17 yaliyojaa vioo, jumla yake 357.

Kandokando vimesimama vinara 24. Ni sanamu za wanawake na watoto zilizochongwa kwa mti na kuvikwa dhahabu, nazo huchukua juu matawi ya bilauri ya kushikia mishumaa. Nilipoviona mchana, naungama, nilivicheka moyoni. Nilijiuliza, dhahabu yote hii ni ya nini, kama si majivuno ya wafalme?

Hapo kwanza vyombo vya ukumbi huu vilikuwa vya fedha tupu. Mwaka 1689 Mfalme alielemewa na gharama za vita, akaamuru viyeyushwe. Fedha ya mapambo ikageuka kuwa fedha ya matumizi. Vinara vya mti vilifanyizwa mwaka 1770, kwa arusi ya mjukuu wa Louis wa 15 na binti wa Austria, Marie-Antoinette. Siku zile mafundi wa Ufaransa walikuwa wakiacha mapambo ya kupindapinda na kufuata mifano ya Wagiriki na Warumi wa kale.

Kuuvika mti dhahabu si kazi ya haraka. Fundi huupaka gundi ya ngozi, kisha chaki iliyochanganywa na gundi, tena na tena, mpaka uso wake uwe laini. Huchonga upya nakshi zilizozibwa, hupaka udongo mwekundu, na hapo ndipo huweka dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno, hata pumzi yaweza kuipeperusha. Mwisho huisugua kwa jiwe la akiki. Mahali pengine huachwa bila kusuguliwa, ili panapong'aa paonekane zaidi.

Ilikuwa mwezi wa Desemba. Yapata saa kumi na moja jioni jua lilishuka upande wa bustani, na ukumbi ukaanza kuingia giza. Hapo nikaona ajabu. Nuru iliyobaki, ndogo kabisa, iligusa mabega ya zile sanamu, nazo zikairudisha kwenye vioo, na vioo vikaipeleka mbele. Kumbe dhahabu ile ilikuwa imepewa kazi! Zamani hapakuwa na umeme, na mshumaa wa nta ya nyuki ulikuwa ghali. Yafaa kusema kwamba kinara kilichovikwa dhahabu kiliufanya mwali mmoja uwe kama miwili.

Lakini nuru hiyo ilikuwa ya nyumba moja. Nje ya jumba, maskini waliwasha mishumaa ya mafuta ya wanyama, yenye moshi na harufu, au walilala gizani. Mwaka 1789 Mapinduzi yakaanza. Bwana arusi aliyefanyiziwa vinara hivi, ambaye amekwisha kuwa Mfalme Louis wa 16, aliuawa Januari 1793, na mkewe akauawa Oktoba ya mwaka ule ule. Vyombo vya jumba vilinadiwa katika mafungu zaidi ya 17,000, na vinara navyo vikatawanyika.

Vingi visimamavyo huko leo ni nakala, zilizofanyizwa kwa kufuata vile vichache vilivyosalia, ukumbi ulipotengenezwa upya mwaka 1980. Nilipoelezwa hayo sikuona hasara. Mfalme hakudumu, na fedha yake ilikwisha yeyuka zamani. Kilichodumu ni ujuzi wa mikono ya mafundi, hata baada ya miaka 210 wakatokea wengine wa kuirudia kazi ile. Nilitoka nje gizani, wala sikucheka tena.